Maabara inasema kaboni imepanda toka 1.2% hadi 1.5%, je ndo nimeshaihifadhi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina hekta 12 kwa jumla, 5 nalima, 4 malisho ya ng'ombe na 3 ni msitu wa asili. Miaka mitatu sasa shamba silitifui, na mabaki ya mazao nayaacha hapohapo juu. Mwaka wa kwanza maabara ilinipa kaboni ya udongo 1.2%, juzi nimepima tena wakanipa 1.5%, zote sampuli za sentimita 15 za juu. Kuna jamaa wa biashara ya kaboni anasema nimepandisha robo nzima, nisajili shamba haraka. Anashauri pia ule msitu niukate manake miti mizee haifyonzi tena hewa ukaa, nipande inayokua chapchap, na malisho nayo niyatifue nipande miti hiyohiyo. Nimsikilize?

JIBU: Salama ndugu yangu. Msitu na malisho usimsikilize kabisa, nitasema kwa nini huko chini. Ila hiyo 1.5% yako nataka tukae nayo kidogo, maana watu wengi wanadanganyika hapo na wala si kwa ubaya.

Asilimia sio tani. Ukitaka tani kwa hekta unazidisha asilimia ya kaboni, mara uzito wa udongo kwa ujazo wake (gramu ngapi kwa sentimita moja ya ujazo), mara kina kwa sentimita. Huo uzito hukunipa, na nadhani hata hukuupima, kwa hiyo tuchukue 1.3 ambayo ni ya kawaida kwa mashamba mengi. Mwaka wa kwanza: 1.2 × 1.3 × 15 = tani 23.4. Sasa hivi: 1.5 × 1.3 × 15 = tani 29.25. Tofauti ni karibu tani 6 za kaboni kwa hekta, yaani tani 2 kila mwaka, na ukiigeuza kuwa hewa ukaa (zidisha kwa 3.67) unapata zaidi ya tani 21 kwa hekta. Inapendeza, lakini mimi nikiona namba kama hiyo nashtuka, kwa sababu shamba likitunzwa vizuri kwa kawaida linaongeza chini ya tani moja ya kaboni kwa mwaka, na mara nyingi hata nusu haifiki.

Halafu kuna kitu jamaa yako hawezi kukuuliza: nitrojeni umeitoa wapi? Mboji iliyokomaa, ile iliyokwisha kupita kwenye vijidudu ikagandamana na chembe za mfinyanzi, ina kaboni kama 10 hadi 12 kwa kila nitrojeni 1. Tani 6 za kaboni za aina hiyo zinahitaji karibu kilo 500 za nitrojeni kwa hekta zikae humo udongoni zisiondoke na mavuno. Kama hukumwaga samadi ya kutosha wala hukuingiza mikunde, mabua peke yake hayawezi kukupa hizo, mabua yana kaboni 60, 80 mpaka zaidi kwa nitrojeni 1. Kwa hiyo ninachohisi mimi ni kwamba sehemu kubwa ya hiyo nyongeza ni vipande vya mabua na vijizizi ambavyo havijaoza, vimepita kwenye chekecheo vikahesabiwa kama kaboni ya udongo. Ni kaboni kweli, sikatai, na inasaidia kushika maji na kulisha vijidudu, ila ukitifua msimu mmoja tu nyingi yake inarudi hewani.

Tatizo la pili ni hicho kina cha 15. Zamani ulipokuwa unatifua, jembe lilikuwa linachukua mabaki ya juu na kuyafukia labda sentimita 20 au 25. Sasa yote yanabaki juu, juu panatajirika na chini pananyimwa. Ukipima juu tu utaona sherehe, ukishuka mpaka 30 unaweza kukuta jumla haijabadilika au imepanda kidogo sana. Ndo maana hesabu nyingi za kaboni zinataka upime kutoka juu mpaka angalau sentimita 30. Mimi binafsi bado naipenda njia ya kutotifua, inazuia mmomonyoko na inatunza unyevu, lakini kuiuza kama mashine ya kufukia kaboni ni kuipa sifa isiyo yake. Kinachopeleka kaboni chini ni mizizi, kwa hiyo pata kitu kinachomea pale shambani pia kwenye ile miezi ambayo ardhi ingekaa tupu, mikunde ikiwezekana, na hapo na nitrojeni utakuwa umeipata bila kumwaga mbolea ya chumvichumvi nyingi inayotoa naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja inapasha joto kama kilo 273 za hewa ukaa kwa miaka 100.

Na usitegemee ipande milele. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna jaribio la Broadbalk lililoanza 1843, kipande kimoja kinawekewa samadi kila mwaka mpaka leo, kaboni ilipanda kwa kasi miaka ya mwanzo halafu mwendo ukapungua sana, udongo ukafika kiwango chake.

Sasa malisho. Chini ya nyasi za kudumu kaboni karibu yote ipo ardhini, kwenye mizizi na madonge ya udongo yanayoificha isiliwe na vijidudu. Ukitifua unavunja madonge, hewa inaingia, vijidudu vinakula. Kupotea ni kwa miaka michache, kurudi ni kwa miongo. We gawa hizo hekta 4 vipande, ng'ombe wahame, nyasi zipate kupumzika mpaka zirudishe majani, usichome moto kila mwaka. Basi.

Msitu: kwamba miti mizee haifyonzi sio kweli, misitu mingi ya zamani inaendelea kukusanya, na hata ingekuwa imesimama, kilichomo kwenye magogo, mizizi na udongo wake ukikikata hakirudi kwa miche ya miaka 10. Tena kwa kanuni za Verra, wanaosajili miradi mingi ya aina hii, eneo lililofyekwa uoto wa asili ndani ya miaka 10 kabla ya mradi halikubaliki. Angekupotezea msitu na usajili vyote viwili.

Kabla hujasaini chochote, pima upya. Chukua sehemu nyingi, sio nne tano, tofauti ya 0.3 unaweza kuikuta ndani ya shamba moja siku moja. Shuka 0–10, 10–20, 20–30, kila tabaka piga pete ya chuma yenye ujazo unaoujua, kausha kwenye oveni nyuzi 105, toa mawe, pima uzito. Toa na mabua yanayoonekana. Msimu uwe uleule wa mwanzo na maabara ileile, waulize pia kama ni njia ya kemikali au mashine ya kuchoma, hazitoi namba sawa. Na ile sampuli ya mwaka wa kwanza, kama hawajaitupa, waombe waipime tena siku moja na hii mpya.