Maswali ya Wasomaji: Mshika Sukani wa Enterprise

SWALI: Mhariri, salamu. Binti yangu ameletewa na shangazi yake, anayeishi Marekani, kitabu cha katuni kinachosimulia habari za mtoto wa asili ya Kijapani aliyefungwa kambini na Serikali ya Marekani. Nilipotazama jina la mwandishi nikakuta ni George Takei, yule yule tuliyekuwa tukimwona katika Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani. Nimeambiwa pia kwamba ni mtu anayependa wanaume wenzake, na kwamba alilitangaza jambo hilo akiwa tayari mzee. Naomba kufahamishwa kazi yake ilikwendaje, na kwa nini alisubiri muda wote huo. — Msomaji, Tanga.

JIBU: Tuanze na mtoto huyo wa kitabuni, kwani bila yeye mengine hayaeleweki. Takei alizaliwa Los Angeles tarehe 20 Aprili 1937, na alikuwa ametimiza miaka mitano majuma machache tu kabla ya askari wenye bunduki kugonga mlango wa kwao na kuwaamuru watoke. Februari 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Rais Franklin Roosevelt alikuwa ametia saini amri namba 9066, ambayo kwayo watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, waliondolewa majumbani mwao bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Akina Takei walilazwa kwanza katika zizi la farasi kwenye uwanja wa mashindano wa Santa Anita, wakapelekwa kambi ya Rohwer huko Arkansas, kisha Tule Lake, kaskazini mwa California. Mama yake alificha cherehani ndani ya mizigo, ingawa ilikuwa imepigwa marufuku, akaipitisha mbele ya walinzi. Kitabu alicholetewa binti yako ni They Called Us Enemy cha mwaka 2019, nami ningekushauri ukisome pia wewe mwenyewe kabla hakijaazimwa na majirani.

Baada ya vita Takei alianza kusomea usanifu wa majengo katika chuo kikuu cha California, Berkeley, akaacha, akahamia UCLA, chuo kikuu kilichoko Los Angeles, kusomea sanaa za maonyesho. Riziki yake ya kwanza katika filamu ilikuwa ya sauti tu: alitia maneno ya Kiingereza katika filamu ya Kijapani ya madubwana iitwayo Rodan. Kisha ikaja Star Trek, iliyoanza kurushwa mwaka 1966, ambamo alikuwa Sulu, mshika sukani wa chombo cha angani kiitwacho Enterprise. Enzi hizo mwigizaji mwenye uso wa Kiasia alipewa nafasi ya mtumishi, jasusi au adui, na huyu alipewa nafasi ya afisa. Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi alivyoilinda nafasi hiyo. Sehemu mojawapo ilimtaka Sulu apandwe na wazimu na kukimbia huku na huko chomboni akiwa na upanga, na mwandishi akawaza kumpa upanga wa samurai. Takei akapendekeza upanga mwembamba wa mchezo wa Kizungu wa kushindana kwa panga, kwa hoja kwamba kijana wa karne ya 23 hana sababu ya kufungwa na silaha za babu zake. Alikubaliwa, akaenda haraka kujifunza kuushika, na picha yake akiwa kifua wazi na upanga huo mkononi imebaki kuwa alama yake hadi leo.

Sasa nije kwenye kimya chake. Takei amesimulia mara nyingi kwamba, alipokuwa kijana, alimwona Tab Hunter, mwigizaji mrembo aliyependwa mno na wasichana, akiandamwa na magazeti ya umbea yaliyodokeza kwamba hakuwa mtu wa wanawake, na baadaye nyota yake ikafifia. Somo lilikuwa wazi: anayetaka kazi afunge mdomo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ufunguo wa maisha yake. Ujapani wake haukufichika, kwa kuwa alitembea nao usoni, na huenda ndiyo sababu habari za kambi alizisema mapema na kwa sauti kubwa. Mwaka 1981 alitoa ushahidi mbele ya tume iliyochunguza vifungo vile, na fidia ya dola 20,000 aliyolipwa baadaye aliitoa kwa makumbusho ya Wamarekani wenye asili ya Kijapani. Lile la pili liliweza kufichika, akalificha. Hata katika kitabu cha maisha yake, To the Stars, alichokitoa mwaka 1994, kambi zimo na Sulu yumo, ila mambo ya moyo wake hayamo, ingawa wakati huo alikuwa na mwenzi wake, Brad Altman, kwa miaka kadhaa.

Kilichomtoa kimyani kilikuwa hasira. Mwaka 2005 bunge la California lilipitisha muswada wa kuruhusu ndoa za jinsia moja, na Gavana Arnold Schwarzenegger, ambaye naye alitoka kwenye uigizaji, akaukataa. Mwezi uliofuata Takei, akiwa na miaka 68, alijitangaza katika jarida la Frontiers. Nyota yake haikufifia kama alivyohofia. Alionekana katika tamthilia ya televisheni iitwayo Heroes, na mwaka 2015 alipanda jukwaa la Broadway, mtaa wa majumba makuu ya maigizo ya New York, katika Allegiance, mchezo wa nyimbo uliotokana na habari za kambi zile zile. Lakini tusisahau kwamba wakati huo dunia ya filamu ilikuwa imebadilika, naye hakuwa tena kijana anayetafutia riziki sura yake. Yaliyokosekana mwaka 1994 aliyaandika hatimaye katika It Rhymes with Takei, kitabu cha katuni cha mwaka 2025.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Takei alichukizwa Sulu alipoonyeshwa kuwa na mume? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ni kweli kwamba hakuafiki. Filamu ya mwaka 2016, Star Trek Beyond, ilimpa Sulu, aliyeigizwa na John Cho, mwenzi wa kiume na binti, kwa nia ya kumheshimu Takei. Yeye akasema mhusika huyo aliumbwa na Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, kwa namna nyingine, na kwamba ingekuwa bora kubuni mhusika mpya. Watengenezaji hawakubadili.

SWALI: Jina la Uhura, yule afisa wa kike wa Enterprise, ni letu? — Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro.

JIBU: Ni letu, mwalimu, ila limeguswa kidogo. Ni "uhuru", neno ambalo ulimwengu ulilisikia sana miaka ile ya mwanzo ya 1960, na irabu ya mwisho iligeuzwa ili lisikike kama jina la kike, kana kwamba ngeli zetu zina jike na dume. Katika sehemu ya kwanza kurushwa, kiumbe aliyejigeuza mwanamume anamsemesha Uhura kwa Kiswahili, naye anajibu. Matamshi yao nakuachia wewe uyasahihishe. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alibaki rafiki wa Takei. Takei na Altman walipooana Septemba 2008, Walter Koenig, mwigizaji mwenzao wa Star Trek, alikuwa mpambe, na Nichols alipopewa cheo cha "matron of honor", yaani mpambe wa kike aliye mtu mzima, alikikataa, akadai naye aitwe mpambe kama Koenig.