Jibu: Umakini na upweke ukifanya kazi nyumbani muda mrefu

Ndugu, umeuliza ufanyeje maana umakini unapungua na wenzako wa kazini wamekuwa kama wageni kwako. Ningeanza na hilo la pili. Mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa simu wa Ctrip, kampuni ya huduma za usafiri ya China, kwa miezi 9. Waliokuwa wakifanya kazi nyumbani utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, lakini walipopewa nafasi ya kuchagua upya, wengi walirudi ofisini, na upweke ulikuwa sababu kubwa. Kwa hiyo usijilaumu hata kidogo.

Mpigie simu mwenzako mmoja, mzungumze bila ajenda ya kazi. Ujumbe wa maandishi hautoshi. Au mfanye kazi pamoja huku laini iko wazi, kila mtu kimya kwenye shughuli yake. Hili linasaidia umakini kuliko watu wanavyodhani.

Kazi nzito ifanye kabla ya kufungua barua pepe, arifa ukiwa umezizima. Na tafadhali, saa ya kufunga kazi iheshimu, hata kama bosi hutuma ujumbe usiku. Mweleze mapema unapatikana saa ngapi. Wengi huelewa wakiambiwa.