Nazi na jani: kipi hutangulia kufika chini?

Shikamoo, mwalimu. Nazi na jani la mwembe vikidondoka pamoja, nazi hutangulia. Mbona kitabu kinasema vitu vizito na vyepesi huanguka sawa?

Marahaba. Kitabu kiko sahihi, na macho yako pia. Kinachovitenganisha ni hewa. Ni kweli dunia huivuta nazi kwa nguvu zaidi, lakini nazi nayo ni ngumu zaidi kusukumika, na mambo hayo mawili hufutana kabisa. Bila hewa, kila kitu huongeza mwendo wa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde ya kuanguka.

Jaribu sasa hivi. Chukua daftari na kipande cha karatasi kidogo kuliko daftari lenyewe. Viachie kimoja huku na kingine huku: karatasi itayumbayumba na kuchelewa. Kisha laza karatasi juu ya daftari, uachie. Vitashuka pamoja, maana daftari linaifungulia karatasi njia kwenye hewa.

Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama Mwezini, kusiko na hewa, akaachia nyundo na unyoya wa kozi. Vikagusa udongo kwa pamoja. Sijaona jaribio zuri kuliko hilo.

Basi matone ya mvua yanayotoka juu vile, mbona hayatutoboi?

Hewa tena, na hapa ndiyo inayotuokoa. Bila hewa, tone lililodondoka kutoka kilomita 2 lingetua kwa mwendo wa kilomita 700 hivi kwa saa. Lakini kadiri linavyokimbia ndivyo hewa inavyolizuia, hadi kizuizi hicho kilingane na uzito wake. Kuanzia hapo mwendo hauongezeki. Tone kubwa hutufikia kwa takriban kilomita 30 kwa saa. Manyunyu hushuka polepole zaidi.

Uzito wangu Nairobi ni sawa na wa Ncha ya Kaskazini?

Kwenye mizani ya springi utazidi kule, kwa zaidi kidogo ya nusu ya asilimia. Dunia imetuna kwenye ikweta, kwa hiyo Nairobi, iliyo karibu na ikweta, uko mbali zaidi na kitovu cha dunia; tena dunia inazunguka, na mzunguko huo hupunguza uzito kidogo huko.

Wanaanga wanaelea. Kule juu mvutano umekwisha?

Haujaisha hata kidogo! Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 400 hivi juu yetu, na mvutano wa pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini. Wanaanga wanaanguka, na kituo chao kinaanguka nao sawia, kwa hiyo hakuna sakafu inayowasukuma miguuni. Hawafiki chini kwa sababu pia wanakwenda upande, kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kadiri wanavyoshuka, uso wa dunia nao unapinda chini yao.