Mtoto Anapobeba Kifo na Uzima Kwenye Filamu: Mpe Kazi ya Kufanya

Skripti nyingi za vijana ninazoletewa nizisome hapa Bagamoyo zina sini moja inayofanana. Mzee kafariki, mtoto mwenye nguo nyeupe kasimama ufukweni anaitazama bahari, muziki unapanda, basi. Nia naielewa: mmoja kaenda, mwingine kaja. Lakini mtoto yule hafanyi lolote, kawekwa tu kama pambo, na mtazamaji anaona mkono wa mwandishi badala ya kumwona mtoto. Nimeshuti filamu fupi na watoto wa mji huu kwa muda mrefu, na ushauri wangu mkubwa ni huu: mpe mtoto kazi ya kufanya, tena kazi ya kitoto kabisa. Maana itakuja yenyewe.

Tazama filamu ya Yeelen ya mwongozaji Souleymane Cissé wa Mali, iliyotoka 1987. Baba na mwana wanapambana kwa nguvu za uganga mpaka wote wawili wanateketea katika mwanga. Baadaye anatokea mtoto mdogo wa yule mwana kwenye mchanga mtupu. Anafukua, anaibua kitu cha mviringo mfano wa yai kubwa, anakikumbatia na kumpelekea mama yake, naye mama anampa vazi la babaye aliyekufa. Ukoo umezaliwa upya, na hakuna aliyehitaji kulisema hilo kwa mdomo.

Roberto Rossellini, mwongozaji wa Italia, alikwenda upande wa giza. Filamu yake ya 1948 kuhusu mji wa Berlin uliobomolewa na vita aliitabaruku kwa mwanawe Romano, aliyefariki 1946. Humo kuna Edmund, mtoto aliyempa baba yake sumu, ambaye anazurura peke yake kwenye magofu kabla ya kujirusha. Na katika kuzurura huko, anacheza! Anarukaruka njiani, anaokota kitu kifusini na kukifanya bastola. Angekuwa analia tu, tungemhurumia. Anacheza, ndiyo maana tunaumia, kwa sababu uhai wote bado umo ndani yake.

Andrei Tarkovsky wa Urusi naye, katika filamu yake ya 1962 kuhusu mtoto Ivan aliyekuwa mpelelezi vitani, anatujulisha kwa makaratasi ya Wajerumani yaliyookotwa baada ya vita kwamba mtoto kashauawa, kisha anamwachia akimbie ufukweni, majini, kwa furaha. Ufuo tu, na miguu inayokimbia. Vijana wetu wanao ufuo huohuo mlangoni.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kuazima nguo nyeupe. Mtoto anarithishwa jina la babu yake, na tangu hapo mama yake anamwita "baba". Mara ngapi umemsikia mama akimfokea kijana wa miaka mitano aliye juu ya mpera, "Baba, shuka huko, utavunjika"? Iandike sini hiyo ilivyo, wiki chache baada ya arobaini ya mzee, usiongeze kitu.

Au mchukue msibani. Watoto ndio wanaotumwa kuazima majamvi na masufuria nyumba ya jirani, wao ndio wanaochezea viatu barazani huku wakubwa wanasoma hitima. Kuna shoti ninayoipenda kuliko zote tulizopata: mtoto kavaa makubadhi ya babu, vidole havifiki hata nusu ya ngozi, anavuka ua akiyaburuta, kwap, kwap, na kila hatua kisigino kinatoka. Hakuambiwa aonyeshe huzuni. Aliambiwa avuke ua bila kuyavua, akajitahidi kwelikweli, na juhudi ile ndiyo iliyojaa usoni.

Kuhusu bahari: ufuo wa Bagamoyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua linachomoza majini. Ukitaka machweo juu ya bahari umekosea mji. Ukitaka macheo, panga alfajiri. Ukitaka uwanda mpana wa mchanga, angalia mwezi kabla ya kupanga tarehe, maana bamvua za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndizo zinazouacha maji yakipwa, ila hapo maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, si alfajiri. Mtoto anayeokota kome hapo, huku maji yakianza kurudi, anatosha.

Sasa la muhimu kuliko kamera. Kumlaza mtoto akiwa amevikwa sanda ni uchuro kwa wazazi wengi hapa, na mimi nawaunga mkono. Usiwabembeleze wala usiwape pesa ili wakubali. Kifo cha mtoto kinaonekana kwa baba anayetembea na kifurushi kidogo mikononi, maana mtoto mchanga habebwi kwa jeneza, na kifurushi kile unaweza kukifunga kwa kanga tupu. Kaa na mzazi, msomee hadithi yote mpaka mwisho, na akisema sini fulani itolewe, itoe.

Na mtoto anayeigiza mjukuu wa marehemu asipelekwe nyumbani mara tu mnapomaliza sini ya mazishi. Mwite yule mzee aliyeigiza maiti, anyanyuke mbele yake, wakae pamoja wanywe chai na maandazi, wataniane. Fanya hivyo hata kama jua linawakimbia na sini nyingine inasubiri.