Wasomaji Wauliza: Kuhamia Illinois na Bastola

*Toleo hili tunajibu wasomaji wetu wa Illinois, Marekani. Ukikaa jimbo jingine usiyachukue majibu haya kama yalivyo: sheria za silaha hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo.*

Nilikuwa Indianapolis, sasa nimehamia Rockford kwa ajili ya kazi. Nina grini kadi, na bastola niliyoinunua Indiana kihalali huwa nayo ndani ya gari. Nianzie wapi?

Anza kwa kuitoa kwenye gari, ndugu. Indiana iliacha kudai kibali cha kubeba bastola tarehe 1 Julai 2022, lakini ruhusa hiyo inakomea mpakani. Illinois inamtaka kila mkazi mwenye silaha, au hata risasi tu bila silaha, awe na kadi ya FOID inayotolewa na Polisi wa Jimbo. Anayehamia hupewa siku 60, zinazohesabiwa tangu siku anayopata leseni ya udereva au kitambulisho cha Illinois. Siku hizo huisha upesi. Tuma maombi wiki ileile uliyopata leseni.

Maombi ni ya mtandaoni. Utahitaji picha, namba ya leseni, namba ya uhamiaji iliyo kwenye grini kadi, na dola 10 pamoja na ada ndogo ya malipo. Kadi hudumu miaka 10. Kabla ya kutuma, weka grini kadi na leseni mezani, moja kando ya nyingine, usome majina herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye karatasi za uhamiaji na mawili kwenye leseni, au jina la ukoo limewekwa mwanzo pale na mwisho hapa. Rekebisha leseni kwanza, kwa sababu majina yasiyolingana hukwamisha ukaguzi. Na ukihama nyumba baadaye, una siku 21 za kuwajulisha polisi hao anwani mpya.

Elewa pia kwamba FOID ni ya kumiliki, si ya kubeba. Leseni ya kubeba silaha iliyofichwa ni nyingine: umri miaka 21, mafunzo ya saa 16, dola 150, na hudumu miaka 5. Mpaka uipate, bastola isafiri bila risasi, ndani ya kasha lililofungwa.

Kagua na magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye silaha. Tangu sheria ya Januari 2023, kikomo cha bastola Illinois ni risasi 15, na cha bunduki ndefu ni 10. Igeuze magazini uangalie nyuma: za bastola za Glock, kwa mfano, huwa na vitundu vyenye namba, na namba ya mwisho ndiyo ujazo wake. Ukiona 17, usiingie nayo Illinois.

Haya yote yana uzito zaidi kwako kuliko kwa jirani yako aliye raia. Yeye akihukumiwa kwa kosa la silaha atalipa faini au atafungwa. Wewe, juu ya hayo, sheria ya uhamiaji inaruhusu uondolewe nchini hata kama kosa lenyewe lilikuwa dogo. Ukishtakiwa, usikubali kosa lolote kabla wakili wa uhamiaji hajaisoma hati ya mashtaka.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kila wiki tunaambiwa "sheria mpya ya bunduki imepita". Nitajuaje ipi ni kweli?

Omba namba. Kila mswada una namba inayoanza na HB ukitoka Baraza la Wawakilishi, au SB ukitoka Seneti. Asiyekupa namba hajakupa habari. Ukiipata, iandike kwenye tovuti ya bunge la jimbo, ilga.gov, kisha soma orodha ya hatua kuanzia chini, kwenye hatua ya mwisho. "Umepita kamati" maana yake bado uko mbali. Uliorudishwa Kamati ya Kanuni umelala, na unaweza kuamshwa. Ukiona maneno "Session Sine Die", umekufa pamoja na bunge hilo la miaka 2.

Usiridhike na kichwa cha mswada. Sheria ya Januari 2023 iliyopiga marufuku uuzaji wa bunduki za aina ya AR-15 ilipitia HB 5471, mswada ulioanza ukihusu mambo ya bima. Seneti iliubadilisha wote kwa marekebisho, Baraza likakubali tarehe 10 Januari, na Gavana Pritzker akausaini usiku huohuo. Aliyekuwa akifuatilia vichwa tu hakuona kitu. Ndiyo maana kila marekebisho yanapowekwa inabidi uyafungue uyasome, hasa siku za mwisho za kikao.

Mswada ukipita mabaraza yote mawili, una siku 30 za kufikishwa kwa gavana, naye ana siku 60. Akikaa kimya, unakuwa sheria bila saini yake. Uliopita kabla ya Juni bila kutaja tarehe huanza 1 Januari ya mwaka unaofuata. Tarehe hiyo ya kuanza ndiyo ya kuandika kwenye kalenda.

Nawe una sauti, hata kama hupigi kura. Kabla ya kikao cha kamati, tovuti hiyo hufungua fomu iitwayo "witness slip". Unajaza jina, anwani na msimamo wako, kuunga mkono au kupinga, na inaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Ni kazi ya dakika 5. Kikao kikishaanza umechelewa, basi ijaze jioni iliyotangulia.

Nina watoto watatu na shemeji amekuja kukaa nasi. Bastola ya mume wangu iko juu ya kabati. Inatosha?

Haitoshi, mama, na tunakuomba uishushe leo. Tangu 1 Januari 2026, sheria ya Illinois inataka silaha ifungiwe popote ambapo mtu wa chini ya miaka 18 anaweza kuifikia, au mtu aliyekatazwa silaha, au aliye katika hatari ya kujidhuru. Zamani umri ulikuwa chini ya miaka 14.

Kasha la chuma ndilo bora. Kama mna kufuli ya waya tu, fuata mpangilio huu: toa magazini kwanza, ndipo ukoki, yaani uvute nyuma sehemu ya juu ya bastola, na kuishikilia ikiwa wazi. Tazama ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kisha ingiza kidole. Anayekoki kabla ya kutoa magazini hupandisha risasi nyingine. Pitisha waya kwenye tundu la kutokea maganda, utokee chini kwenye nafasi ya magazini, ufunge. Ufunguo usikae kwenye shada la funguo za nyumba. Shemeji asiye na FOID asiujue ulipo. Silaha ikipotea au ikiibwa, polisi waarifiwe ndani ya saa 48.

Nina viza ya mwanafunzi. Wenzangu wamenialika kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Naweza?

Kwenda kutazama, ndiyo. Kushika bunduki, hapana. Sheria ya serikali kuu inamkataza mwenye viza ya muda kuwa na silaha au risasi, na kufyatua bunduki ya kukodi kwa dakika 10 huhesabiwa kuwa nayo. Msamaha mmojawapo ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, na lazima uwe nayo kabla ya kugusa chochote. Aliyeingia kama mkimbizi au aliyepewa hifadhi hayumo kwenye katazo hilo la viza.