Kumpata daktari wa tiba mseto kwa mnyama wako

Mbwa wangu alipozeeka, baridi yabisi ilimkaa nyongani. Dawa za maumivu zilimsaidia, lakini vipimo vya damu vikaonyesha figo zimeanza kuchoka, na dawa za aina ile huzielemea figo. Ndipo nikatafuta daktari wa wanyama anayechanganya tiba: dawa za hospitali pamoja na akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini), mitishamba na ushauri wa lishe.

Anza na leseni. Mtu huyu awe daktari wa wanyama kamili, jina lake limo kwenye rejista ya nchi yako, ndipo uulize tiba ya ziada aliisomea wapi. Shirika la kimataifa la akupancha ya wanyama, IVAS, lililoanzishwa mwaka 1974, hutoa mafunzo ya akupancha kwa madaktari wa wanyama, na Marekani kuna AHVMA, chama cha madaktari wa wanyama wanaochanganya tiba. Wote wawili wana orodha mtandaoni za kutafutia daktari. Vyeti vilivyojaa ukutani havinibabaishi. Nataka kujua vimetolewa na nani.

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: "Daktari, ni lini utakataa kumtibu kwa njia hizi?" Niliyemchagua alijibu papo hapo. Paka dume anayejikamua mkojo hautoki, au mbwa aliyevimba tumbo ghafla na kujaribu kutapika bila kutoa kitu, huyo ni wa hospitali saa ileile. Mwingine niliyemtembelea kabla yake aliniambia hakuna ugonjwa unaoishinda mitishamba yake. Nilimshukuru, nikaaga.

Kwenye chanjo sina mjadala. Anayekuambia matone ya homeopathi (tiba ya dawa zilizozimuliwa mno) yanatosha badala ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mkimbie: dalili zikishatokea, mnyama hapati nafuu tena, na binadamu huambukizwa. Homeopathi yenyewe siitolei hela yangu. Mwaka 2017 RCVS, chombo kinachosimamia madaktari wa wanyama Uingereza, kilieleza kwamba haina ushahidi unaotambulika wala misingi thabiti ya kisayansi. Akupancha kwa maumivu ya viungo walau ina ushahidi kidogo wa kuijaribu.

Halafu kuna hili neno "asilia", ambalo watu hulipokea kama ruhusa ya kumpa mnyama chochote. Kitunguu saumu ni asilia, nacho huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mafuta ya mti wa chai huweza kumlevya paka hata yakipakwa tu kwenye manyoya, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuvunjavunja sumu nyingi. Daktari makini atakudadisi kila kitu unachompa, hadi manjano unayomchanganyia kwenye chakula. Asipouliza, shaka yangu huanzia hapo.

Kikao cha kwanza huwa kirefu, basi nenda na vipimo vya zamani na majina ya dawa zote. Gharama iulize mapema. Kubalianeni pia mtajuaje kama tiba inafaa: mimi nilimpiga video mbwa akiinuka asubuhi na akipanda ngazi, kabla ya kuanza na kila baada ya wiki chache, maana macho ya mwenye mnyama huona nafuu anayoitamani.

Mwisho, daktari wa tiba mseto aandikiane na daktari wako wa kawaida. Wangu hupokea taarifa ya kila kikao, na kazi ya kupima figo imebaki kwake.