Ukitaka kuwafundisha wapwa zako kompyuta, kwanza mikono yako iweke mbali na kibodi

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nawaandikia nyinyi ambao mna watoto wa dada, wa kaka, wadogo zenu, mnataka muwaonjeshe kuandika programu likizo hii na hamjui pa kuanzia. Mimi nimeanza na wapwa zangu watatu hapa Wete, Pemba, mmoja wa miaka tisa, mmoja kumi na moja na mkubwa kumi na nne, laptopu moja kuukuu betri yake hata saa moja haifiki, na nimeshakosea sana kabla sijapata njia, kwa hivyo chukueni haya yakusaidieni.

Kosa langu kubwa lilikuwa mikono. Mtoto anatafuta herufi, anachukua nusu dakika kuiona, mimi roho inanidunda namchukulia kibodi namwandikia mwenyewe halafu namwambia "umeona?" Ameona nini? Ameona mjomba anaandika. Wiki ya kwanza nzima ilikwenda hivyo, wiki ya pili wakawa wananitoroka wanakwenda kucheza mpira, na nilipomuuliza yule wa kati akanambia "mjomba ile kompyuta yako wewe". Neno lile liliniingia. Tokea siku ile nakaa nyuma yao, mikono naiweka mapajani, na kama kuna kitu lazima nionyeshe naonyesha kwa kidole kwenye skrini, basi.

Jambo la pili ni intaneti. Usiwaanzishie kwenye bando, litaisha na utawakasirikia bila sababu. Nenda penye wifi siku moja, pakua Scratch ile ya kuweka kwenye mashine na pakua Python, lugha ya kuandikia programu, tia kwenye fleshi, umemaliza. Zote mbili bure na zote zinafanya kazi bila ya mtandao. Scratch iliyotolewa na watu wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani mwaka 2007 ni ya kuunganisha vipande vya rangi kama vile vitofali, mtoto haandiki chochote, na ukibonyeza kile kidude cha lugha utakuta Kiswahili kimo. Yule wangu wa miaka tisa nilimuweka huko na sikumbughudhi, akatengeneza paka anayekimbia akigusa ukuta anarudi, wiki nzima kazi yake hiyo tu na alikuwa na raha zake.

Wakubwa niliwatia kwenye Python, na humu kuna kitu kinaitwa turtle ambacho nakisifu sana. Ni mdudu anatembea kwenye skrini anachora mstari anapopita. Unaandika forward(100) anakwenda mbele hatua mia, left(90) anageuka kushoto. Fikra yenyewe ya zamani, inatokana na Logo, lugha ya mwaka 1967 ambayo Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliibuni na wenziwe kwa ajili ya watoto hasa, na yeye alitaka mtoto afikiri kwa mwili wake, ajifanye ndiye yule mdudu. Mara ya kwanza kinatokea kishale tu, watoto wakalalamika, nikawapa shape("turtle") akatoka na miguu yake minne, pakazuka ubishi huyu ni kasa au kobe. Mmoja anasema kobe kama wale wa kisiwa cha Changuu, mwengine anasema kasa kama wa Nungwi. Niliwaacha wabishane mpaka wakamwita kasa, na mimi namwita kasa.

Sasa sikilizeni hapa. Mraba waliupata upesi, mbele na tisini mara nne. Nikawaambia haya pembetatu yenye pande sawa. Skuli wameshasoma kwamba pembe zake ni sitini sitini, wakaandika left(60) mara tatu, kasa akachora kitu kama bakuli lililopasuka, halikufunga. Ulimi uliniwasha kuwaambia jibu ila nilinyamaza. Nikawatoa nje uwanjani penye mchanga, yule wa kati nikamwambia wewe ndiye kasa, tembea hatua tano, sasa geuka uelekee kule kona ya pili. Akageuka. Nikamuuliza umegeuka kidogo au sana? Akarudia tena polepole anajiangalia miguu, akasema "mjomba nimegeuka zaidi ya ukutani!" yaani zaidi ya tisini. Mia na ishirini. Pembe ya ndani sitini lakini kasa anageuka kwa ile ya nje, na hilo mimi mwenyewe skuli sikuwahi kulielewa kwa mguu hivyo. Wakarudi ndani mbio. Halafu dada yake, yule mkubwa, akairudisha ile sitini akaweka mara sita badala ya tatu, ikatoka pembesita nzuri, hakuna aliyemfundisha.

Na huyu dada yake nimtaje kidogo. Mkiwa na mtoto wa kike na wa kiume kwenye mashine moja angalieni sana, mana wa kiume atakalia kiti na wa kike atabaki kuangalia, na akianza tu kunogewa anaitwa jikoni. Nilimwambia dada yangu wazi, Jumamosi baada ya chuo cha Kurani mpaka alasiri mwachie, vyombo vitasubiri, akakubali. Na kwenye kiti tunapokezana, mmoja anaandika mwengine anasema cha kuandika, akimaliza kipande wanabadilishana.

Maneno ya Kiingereza yasikutisheni, yanayotumika sana hayafiki ishirini, niliyaandika kwenye karatasi nikabandika ukutani na maana zake. Lakini majina ya vitu vyao wenyewe waambie waandike kwa Kiswahili, kompyuta haijali. Na if na else, yaani "ikiwa" na "la sivyo", niliwafahamisha kwa karafuu, mtoto wa Pemba huhitaji kumueleza mara mbili, si usiku tunakaa tunachambua, ikiwa ni konyo, kile kijiti chake, weka huku, la sivyo tia kule. Wakacheka wakasema kumbe ndio hivyo tu. Erori zikitoka nyekundu wasizifute, wasome mstari wa mwisho, mara nyingi tatizo limeandikwa pale pale.

Zawadi sitoi, na siwaambii watakuja kuwa matajiri. Nimeona watoto wanaoahidiwa kazi na pesa wanaulizia pesa tu. Wape wanachokitaka wao.

Wangu walitaka bao. Nilishtuka, bao zima mashimo 32 kete 64 na sheria zake si mchezo, nikawaambia tuanze upande mmoja tu, mashimo 16 kila shimo kete mbili kama bao la kujifunzia, jumla 32, na kazi iwe moja, chukua kete za shimo moja ugawe moja moja. Kompyuta inahesabu kuanzia sifuri kwa hivyo la mwisho ni la 15. Wakaanza shimo la 14, ikagoma, nyekundu, kwa sababu baada ya 15 ilitafuta la 16 na halipo. Yule mkubwa akaweka sharti, ukifika 16 rudi 0. Ikakubali, wakapiga makofi.

Babu yao alikuwa kashatia miwani kaja kuangalia, yeye kompyuta hajui hata kuiwasha lakini bao anacheza tangu ujana wake. Akautazama ule mstari wa namba, mbili mbili mbili, mwisho sifuri na tatu. Akanyamaza. Kisha akaweka kidole kwenye namba ya mwanzo kabisa, "Hapa ilibidi ziwe tatu. Kete moja mmeipeleka wapi?"

Wakahesabu, 31. Kweli, programu ikifika 16 ilikuwa inarudi sifuri bila kuangusha kete ila mkononi inapunguza. Mkubwa akasogea kitini, babu akavuta kigoda akakaa pembeni yake, na mimi nikatoka nje nikawaacha.